Walinichagua Nikiwa Sina Mtoto

Siku waliponichagua kuongoza chama chetu cha afya ya uzazi, mwanamke mmoja aliyetoka Lubudi alisimama katikati ya ukumbi, akakaza kitenge chake kiunoni, akauliza bila kuzunguka:

"Huyu mama hana hata mutoto mumoja. Atatuongoza namna gani kwa mambo ya kuzaa?"

Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, mikono juu ya magoti, nikaitazama sakafu. Swali lile halikunikasirisha, maana nilikuwa nimejiuliza mwenyewe tangu asubuhi. Kilichoniuma ni kwamba jibu nilikuwa nalo, na sikuwa na ruhusa ya kulitoa. Lilikuwa siri ya mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa nje, akiegemea lori lake, akingoja kuwarudisha wajumbe wa Mutoshi nyumbani.

Ili nieleweke, lazima nianze na mkunga wetu.

Alikuwa binti wa mfanyakazi wa mgodi aliyeletwa kutoka Kasai enzi za ukoloni, akazaliwa hapa hapa Kolwezi katika nyumba za wafanyakazi. Alizalisha wanawake wa mji huu mpaka nywele zikawa nyeupe. Alipostaafu alidhani atalima bustani yake ya lengalenga, mchicha wa kwetu, na kupumzika. Haikuwezekana. Wanawake waliendelea kugonga mlango wake. Walikuja wa Mutoshi, wanaoosha mawe ya shaba na kobalti na miguu ndani ya maji mchana kutwa. Walikuja waliozaa mwaka baada ya mwaka wakachoka hata kusimama. Walikuja wasichana waliotoka damu na kuogopa kusema kwa nini. Aliweka benchi barazani, benchi likajaa, akaazima lingine kwa jirani. Chama chetu kilianza hivyo, kwenye mabenchi mawili yasiyofanana.

Mimi alinikuta sokoni, kwenye kibanda changu cha vitenge. Sisi ni Waislamu, wazazi wetu walitoka Maniema, na biashara tumeinyonya pamoja na maziwa. Mume wangu ana malori, mimi nina vitambaa. Mkunga alikuwa mteja wangu wa zamani. Siku hiyo alikuwa anachagua kitenge cha zawadi kwa mzazi, akaacha kupapasa vitambaa akaniangalia usoni.

"Mwanangu," alisema, "unauza bitenge bya kubebea batoto kila siku, na kila siku uso yako inakuwa hivi. Kuna nini?"

Nililia mbele ya wateja. Alivuta kiti, akakaa upande wa ndani wa kibanda kama ndugu yangu, akasubiri. Nikamwambia yote. Nilikuwa nimekunywa mizizi iliyoletwa kutoka kwa waganga wa Balunda kule Kapanga. Nilikuwa nimekunywa maji ya dua. Nilikuwa nimesafiri mpaka Lubumbashi kupigwa picha ya tumbo, na daktari wa kule aliniambia haoni ubaya wowote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu ambacho kwa miaka yote ile hakuna mganga, shehe, daktari wala shangazi aliyekiuliza:

"Na bwana yako, walimupima?"

Nilirudi nyumbani na swali hilo kama mtu aliyebeba yai. Nilizunguka nalo siku kadhaa. Nilipolitoa, mume wangu hakukasirika. Alikunywa maji, akasema, "Twende." Mkunga alitupeleka kwa daktari anayemwamini, na yeye mwenyewe akakaa nje na mimi, akinisimulia habari za bustani yake ili nisifikirie.

Tatizo lilikuwa kwa mume wangu. Alipokuwa kijana wa kubalehe aliugua matubwitubwi, mashavu yakavimba, halafu ugonjwa ukashuka chini. Alipona, na kila mtu alisahau. Mbegu zake zilikuwa zimekufa tangu hapo.

Mume wangu ni mtu mkubwa, mwenye sauti ya kuita kutoka upande huu wa barabara mpaka ule. Wiki hiyo alizungumza kwa sauti ambayo sikuijua. Aliniambia, "Nikupe talaka yako kwa wema. Wewe bado kijana, utazaa kwa mwingine. Mi sitakuzuia." Nilimjibu kwamba niliolewa naye, sikuolewa na watoto wake. Ninaandika maneno hayo leo nikijua kwamba yalikuwa rahisi kutamka na magumu kuyaishi. Ila sikuyajutia. Tulikubaliana habari ile ibaki kati yetu, mkunga na daktari. Mimi ndiye niliyetaka hivyo. Niliona kwamba mwanamke asiyezaa mji unamzoea, unamsema na kuendelea na shughuli zake. Mwanaume niliogopa watamvunja.

Basi wakanisema. Ndugu zake walimshauri aoe mke wa pili, naye alikataa kila mara bila kutoa sababu. Kwa kuwa hakutoa sababu, watu walijitafutia: ati nimemfunga kwa dawa, ati nimezika kitu kizingitini. Nilipita sokoni na maneno hayo mgongoni, nikauza vitenge.

Kilichonisaidia kuishi ni yale mabenchi. Nilianza kwenda Jumamosi, kwanza kusaidia kugawa chai, halafu nikawa nakaa na wengine. Mkunga alikuwa na sheria ambazo hakuziandika popote lakini kila mtu alizijua. Anayejisimulia asikatizwe. Kinachosemwa barazani hakivuki barabara. Na hakuna kumcheka mtu, hata akisema jambo la kuchekesha, mpaka acheke yeye kwanza.

Baraza lilipozidiwa tulihamia ukumbi wa paruwasi, parokia ya Wakatoliki. Hapo wanawake wa kwetu, Waislamu, walisita. Hawakuwa na ubaya, ila waliona haya kuingia pale chini ya msalaba. Mkunga hakubishana nao. Alikwenda mwenyewe, na rozari yake shingoni, kuomba nafasi kwenye veranda ya madrasa, akapewa. Tangu siku hiyo tukawa tunakutana mwezi mmoja paruwasi, mwezi mwingine madrasa, na hata sasa ni vile vile. Wanawake walioogopa kuingia kwa wenzao walianza kwa kuchungulia, wakaishia kupika pamoja.

Mabishano makubwa yalikuja wakati wa kukipa chama jina. Wengi walitaka kiitwe chama cha mama wazazi. Lilikuwa jina zuri, la kuimbika. Mkunga alikataa.

"Hapana," alisema. "Tuseme afya ya uzazi. Uzazi haiko kuzaa tu. Ule anayekataa kuzaa tena iko ndani. Ule anayetafuta na hapati iko ndani. Na msichana ambaye bado hajui kitu, naye iko ndani."

Hakuniangalia aliposema hivyo, na hiyo ndiyo heshima aliyonipa. Lakini nilijua kwamba kama jina lile la kwanza lingepita, mimi ningebaki mgawa chai.

Chama kikakua. Wa Mutoshi walikuwa wa kwanza kuwa na tawi lao, kisha Lubudi, ambako habari zetu zilifika pamoja na wafanyabiashara wa mahindi wanaopanda na kushuka njia ya reli. Baadaye hata Musumba, mbali huko, walianza kutuma mjumbe wao barabara inapopitika. Mkunga aliongoza yote hayo kwa kalamu moja na simu ya vibonye. Kisha macho yakaanza kumwacha. Alijaribu kutuficha, lakini siku moja alimsalimia mgeni akidhani ni mimi, akacheka, akasema wakati umefika. Aliita wajumbe wote, akataja jina langu.

Ndipo mama wa Lubudi aliposimama na swali lake.

Nilimwona mkunga akigeuza uso kuelekea ile sauti. Alijua kila kitu. Angeweza kunitetea kwa sentensi moja, na ukumbi mzima ungegeuka. Lakini sheria ilikuwa yake mwenyewe, na hakuivunja. Alishika ukingo wa meza, akasema:

"Mama, umeuliza vizuri. Mi nilizaa. Bale batoto nabapenda, lakini hakuna hata mumoja kati yao aliyenifundisha kuongoza mukutano. Sasa nikuulize na mi. Ile siku mama wa Mutoshi alitoka damu, mvua inanyesha, maji imekata barabara, nani alimuleta lupitalo, kwa badokta?"

"Sikuwa pale," alijibu mama wa Lubudi.

"Ni huyu. Alisukuma kamio, ile lori yao, pamoja na bwana yake, matope mpaka hapa. Ule mama iko nyuma yako, anapumua. Mugeukie umuone."

Watu walicheka, naye yule mama wa Mutoshi akainua mkono kama mwanafunzi. Tukapiga kura kwa kuinua mikono. Mama wa Lubudi hakuinua wake.

Mkutano ulipokwisha nilimfuata nje. Alikuwa ananunua mandazi. Nilimwomba awe msaidizi wangu.

"Mi sikukupigia kura," alisema.

"Najua. Njo maana nakuomba."

Alitafuna andazi lake mpaka likaisha, akapangusa mafuta mikononi, akasema, "Sawa. Lakini mi siyui kusema polepole."

Alisema kweli. Katika maisha yangu sijafanya kazi na mtu mkali kuliko yule, wala mwenye faida kwangu kuliko yule. Yeye huuza unga na maharage karibu na stesheni ya Lubudi, na hupima mambo ya chama kama anavyopima unga, bila kupunja na bila kuongeza. Ni yeye aliyeniambia, baada ya sisi kuzunguka matawi yote tukifundisha wanawake, kwamba tunapoteza nguvu.

"Unafundisha nusu ya nyumba," alisema. "Mama anarudi na maneno yako, bwana anakataa, maneno inakufa mulangoni. Uite banaume."

"Hawatakuja."

"Kama habakuyi, ubafuate."

Tukawafuata. Tulichagua kituo cha malori, kwa sababu mume wangu anajulikana pale na kwa sababu madereva ni watu wa safari, wanaobeba habari mpaka mbali kuliko sisi. Nilimwomba muuguzi mwanaume aje kuzungumza nao.

Asubuhi ya siku yenyewe tulikuwa tunakunywa chai, mimi na mume wangu. Alikuwa anavunjavunja mkate bila kula.

"Kama mi nitasema yangu," aliniuliza, "wewe utasikia haya?"

Nilielewa mara moja anasema nini.

"Haya sina. Nina woga juu yako. Watakucheka."

"Wewe walikucheka miaka yote. Ulikufa?"

Alivaa kofia yake akatoka, na nilipomkuta baadaye kituoni akiwapangia madereva viti vya plastiki, akitania huyu na yule, nilijipa moyo kwamba ameliacha wazo hilo.

Muuguzi alizungumza vizuri, lakini alizungumza kama anasoma. Wanaume wengine waliangalia simu zao. Nje fundi wa matairi alikuwa anajaza upepo, mashine yake ikinguruma. Muuguzi alipofika kwenye habari ya wanandoa wanaokosa mtoto, dereva mmoja aliinua sauti kutoka nyuma:

"Ile haituhusu. Ile ni shida ya banamuke."

Wengine waliitikia. Hapo mume wangu akasimama. Hakwenda mbele, alisimama palepale kwenye kiti chake.

"Bandugu, munanijua," alisema. "Nyumba yangu munaijua. Munasema bibi yangu alinifunga na dawa. Hakuna dawa. Mi njo sizai. Nilipimwa, dokta akaona. Niliugua matubwitubwi nikiwa kijana, njo ilinimaliza. Bibi yangu haiko na shida hata moja. Alinyamaza juu yangu, mukamutukana, akanyamaza tu. Leo mi nimechoka kujificha nyuma ya kitenge yake."

Akakaa. Nilikuwa nimesimama ukutani na mama wa Lubudi, nikahisi mkono wake mgumu ukinishika kiwiko. Yeye hakuwa anajua.

Nilifikiri, sasa mmoja atacheka, na mume wangu atakuwa amekwisha. Kisha dereva mzee, mwenye mvi kidevuni, anayefahamika kwa kutoogopa barabara yoyote, akainua kidole taratibu.

"Tata," alimwuliza mume wangu, akimwita baba kwa heshima, "kupimwa… kunauma?"

Mume wangu alimtazama, akaanza kucheka yeye kwanza. "Haiumi, muzee. Wanakupa kikopo tu, wanakufungia mulango, unabaki peke yako na kikopo yako. Njo pale haya iko!"

Kituo kizima kililipuka kwa kicheko. Fundi wa matairi alizima mashine yake akaja kusikiliza. Simu ziliingia mifukoni. Wakauliza, Mungu wangu, waliuliza maswali waliyoyafungia miaka na miaka: kama daktari humwambia mke kwanza, kama joto la injini linadhuru, kama mtu aliyezaa zamani anaweza kukosa baadaye, kama mke akipumzika kuzaa nguvu za mume zinapungua. Muuguzi aliacha kusoma, akavuta kiti, akazungumza nao kama mtu na watu.

Siku iliyofuata nilikwenda kumsimulia mkunga. Alikuwa amekaa barazani kwake, macho yake hayaoni tena ila mwanga, mikono ikichambua lengalenga kwa kupapasa. Nilipofika kwenye kikopo alicheka mpaka majani yakaanguka kutoka mapajani mwake, akaniomba nirudie. Nikarudia. Kisha akatulia, akasema, "Ile siku mulikuya kwa dokta, nilimuona akitoka mule chumbani. Nilijiambia, huyu siku moja atasema. Sikujua kama itanikuta hai." Alifariki msimu wa mvua uliofuata. Nilimshukuru akiwa hai, na kwa hilo nalo nashukuru.

Sitadai kwamba yote yalikwenda vizuri. Kuna mfanyabiashara mwenzake aliyeanza kumwita mume wangu jina la kejeli, na urafiki wao wa muda mrefu ukafa. Kuna usiku mume wangu alijuta, nami nilikaa naye. Lakini wiki baada ya wiki wanaume walifika kwa daktari, mmoja mmoja, wakiuliza "juu ya ile mambo ya kikopo", na wengine walifika na wake zao wameshikana mikono, jambo ambalo hapa kwetu halionekani sana.

Aliyebaki alikuwa mama mkwe wangu.

Habari zilimfikia kabla ya jua kuzama, kama habari zote za Kolwezi. Nilimngoja aje, hakuja. Alikuja siku chache baadaye, karibu na adhuhuri, na hakupitia sebuleni. Alizunguka nyuma mpaka jikoni ambako nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, akavuta kigoda, akakaa. Yeye ndiye aliyekuwa amenizuia, kwenye sherehe ya mjukuu wake, nisimshike mtoto mchanga, asije akapata mkosi wangu. Sikuwahi kumwambia mwanawe.

Alisimama, akanichukulia mchi mkononi, akaanza kutwanga mwenyewe.

"Nilikusema kwa batu," alisema bila kuniangalia.

"Najua, Mama."

"Juu ya nini hukunijibu?"

"Kama ningekujibu, ningemusema mutoto wako."

Mchi ulisimama hewani, kisha ukaendelea. "Ile ugonjwa ya mashavu, mi njo nilimuuguza," alisema. "Nilimufunga kitambaa hapa na hapa. Nilimushukuru Mungu ilipona. Sikujua, mwanangu. Sikujua." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa bega bila kuacha kutwanga. Sombe ile ililainika kuliko sombe yoyote niliyowahi kupika. Alikula kwetu mchana ule, na bukari, ugali wetu, alisonga yeye.

Mwaka huo huo binti yake mdogo alijifungua. Siku ya kumpa mtoto jina, watu wakiwa wamejaa uani, mama mkwe wangu alimtoa mtoto mikononi mwa mama yake, akavuka ua wote na fimbo yake, akamweka mapajani mwangu. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Mushike vizuri, kichwa iko nzito," kisha akaenda kuangalia wali.

Niliongoza chama mpaka nilipoona kwamba watu wanaanza kuniuliza mimi mambo ambayo wangeweza kuulizana wenyewe. Hapo nikajua ni wakati. Safari hii uchaguzi tuliufanya Lubudi. Hata mjumbe wa Musumba alifika, vumbi mpaka kwenye kope, na gunia la karanga begani. Niliwaambia wajumbe jina nililolitaka, nao wakainua mikono, na mwanamke yule aliyewahi kusimama akauliza mimi nitaongoza namna gani akashika nafasi yangu. Jambo la kwanza alilofanya akiwa mkuu wetu ni kunikatiza, kwa sababu nilikuwa nimeanza kutoa shukrani na nilikuwa nimepitisha muda.

Tulirudi Kolwezi kwa lori, mume wangu kwenye usukani. Njiani alisimama kununua uyoga kwa wanawake waliopanga mafungu yao kando ya barabara. Mmoja wao alimtambua. Mume wake ni dereva, alisema, na walikuwa wamekwenda kwa daktari pamoja, na dawa wanayo. Hakusema zaidi, na hatukumwuliza. Alituongezea fungu moja juu ya tuliyonunua.

Nilikaa na uyoga ule mapajani, bado una udongo, ukinukia mvua. Mume wangu alikuwa analalamikia mashimo ya barabara kama kawaida yake. Sikuwa na kiti tena, wala funguo za ukumbi, na nilikuwa sina mtoto kama nilivyokuwa. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia, "Hakuna kitu. Angalia barabara."